Kuzimia kwa Binti Mfalme

Katika studio ya katuni alikofanya kazi Haimavati, huko Hyderabad, binti mfalme alikuwa na masharubu. Alikuwa pia na kitambi cha kutosha, kipara kilichokwisha kuumaliza utosi na kuanza kushuka kisogoni, na mke aliyemfungia wali wa ukwaju kila asubuhi. Jina lake Bhaskar. Wote walimwita anna, yaani kaka mkubwa, hata waliomzidi umri, maana yeye ndiye aliyegawa kazi.

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Kabla mchoraji hajamchezesha mhusika kwenye kompyuta, anaingia chumba cha kioo na kujirekodi akiigiza kile ambacho mhusika atakifanya, kisha anachora huku akiitazama ile rekodi. Siku ya ukaguzi vyote viwili huoneshwa sambamba, rekodi upande huu na katuni upande ule, na asiye na rekodi kazi yake haitazamwi. Kwa hiyo kila binti mfalme aliyetoka studio ile, na walitoka wengi, wenye viuno vya nyigu na vidole vya kushikia maua tu, alianza maisha yake kama Bhaskar aliyejitanda mtandio wa waridi, akipita mbele ya kioo kwa madaha.

Wanawake wao walipewa nywele. Wengine walipewa mikunjo ya sari, wengine maua yanayodondoka, na mwenye bahati alipewa kindi. Haimavati alikuwa bingwa wa nywele. Nywele zote zilizomiminika mgongoni mwa binti mfalme, zikapepea na kulowa mvua, zilikuwa zake. Kichwa kilichozibeba kilikuwa cha Bhaskar. Na hicho kichwa ndicho alichokitaka. Alikitaka mpaka kikamkosesha raha, kwa sababu kila alipokiona kikiinama, kikipepesa kope na kusubiri kuokolewa, alijiuliza ni mwanamke gani wa mji ule aliyewahi kufanya hivyo akiwa na akili zake timamu.

"Anna, safari hii nipe binti mfalme," alimwambia siku moja wakati wa chakula.

"Haima, mdogo wangu," Bhaskar alisema huku akilamba ukwaju kidoleni, "binti mfalme ni ndoto. Anayemwota ni nani? Mwanamume. Sasa wewe utachoraje ndoto ambayo huioti?"

"Angalau mimi natembea kama mwanamke."

"Wewe? Wewe unatembea kama mtu anayekimbilia basi."

Meza nzima ilicheka. Haimavati naye alicheka, ila kicheko chake hakikufika mbali, kwa sababu kila asubuhi alikuwa kweli anakimbilia basi.

Filamu ya safari ile haikumdai binti mfalme mambo mengi. Alitakiwa aimbe na kindi, alie dirishani, afungwe mnarani, kisha asubiri. Kilele chake kilikuwa pale anapopata habari kwamba jitu limemmeza baba yake. Hapo anazimia, na mwana wa mfalme anamdaka. Mwenye filamu, mama mmoja tajiri ambaye wote walimwita Vasundhara-garu kwa heshima, alikuwa amesema waziwazi kwamba haogopi kutumia chochote kwa ajili ya tukio hilo moja. Alitaka ukumbi mzima utoe leso.

Bhaskar aliingia chumba cha kioo akajiandaa vilivyo, kamera ikiwaka. Alijitanda mtandio, akaweka mkono kipajini, akatoa mguno mwembamba, akajiachia kinyumenyume mikononi mwa mwana wa mfalme. Bahati mbaya mwana wa mfalme alikuwa Lokesh wa idara ya farasi, kijana mwembamba ambaye hata feni ikizidishwa kasi hushika meza. Lokesh alidaka hewa. Binti mfalme alitua sakafuni kwa kifandugu, na neno alilolitoa halikuwa la kifalme hata kidogo.

Daktari alisema hakuna mfupa uliovunjika, ila marufuku kuigiza, na akalie mpira wa kujazwa upepo. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Jumatatu Bhaskar alimwita Haimavati, akiwa ameketi juu ya mpira wake kwa tahadhari kubwa.

"Chukua hilo tukio la kuzimia. Wengine wote wana kazi zao," alisema. "Vasundhara-garu akilipenda, binti mfalme ni wako mpaka filamu iishe. Asipolipenda, unarudi kwenye nywele, na usinisumbue tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, anna."

"Na uchore kama ilivyoandikwa. Anazimia, anadakwa, basi. Usiniletee mambo ya wanawake wa siku hizi."

Haimavati aliingia chumba cha kioo akiwa na furaha ya kupasuka. Alitandika godoro, akawasha kamera, akaweka mkono kipajini na kujiachia. Mguu ukatangulia nyuma ukamzuia. Akajaribu tena, mguu ukamzuia tena. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, na kila mara mwili wake ulikataa katakata kuanguka bila sababu ya maana. Alipofanikiwa mwishowe, alianguka kama ngazi iliyosukumwa ukutani.

Akaenda kuwauliza wenzake wa sari na maua. Kati yao nani aliwahi kuzimia?

"Nizimie saa ngapi?" aliuliza Sailaja, mama wa watoto watatu. "Nikizimia mimi, maziwa yanamwagika jikoni, mtoto anachelewa shule, na mama mkwe ananiruka kwenda kuangalia nani kazima jiko."

Mwingine alikuwa amejifungua njiani, akaendelea na safari. Mwingine aliwahi kuhisi kizunguzungu kwenye foleni ya hekaluni, lakini akaona akianguka atapoteza nafasi yake. Haimavati alirudi kwenye kiti chake akiwa amekata tamaa. Katika watu wote aliowajua duniani, aliyewahi kuzimia kweli alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa baba yake.

Baba yake, Somaraju, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu. Alikuwa na sauti ambayo wapagazi waliinyookea na mgongo ambao haukujua kuegemea kiti. Kila jioni alimfuata Haimavati kazini kwa pikipiki, na asipomkuta getini saa ya kutoka alihesabu kuwa treni imechelewa na mtu atatakiwa kujieleza. Mzee huyo huyo, kwenye harusi ya dada yake Haimavati, ilipofika saa ya kumkabidhi bibi harusi, pale viganja vya msichana vinapochovywa kwenye maziwa na kuwekwa mikononi mwa wakwe zake, alitoa mlio mdogo wa ajabu na kwenda chini mbele ya wageni wote.

Mpiga video aliipata picha hiyo vizuri, akaiongezea na wimbo wa huzuni. Somaraju aliamuru ikatwe. Ikakatwa, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Ila mama yake Somaraju, bibi kizee ambaye nyumba nzima ilimwita Nanamma, alikuwa na nakala yake kwenye simu, na aliiangalia alasiri, tamthilia zinapomalizika, kama mtu anayejipatia kitafunwa.

Jioni ile Haimavati aliitazama pamoja naye kitandani. Lo, ilikuwa kazi ya kupendeza. Mkono wa kushoto ulipanda kifuani kwanza, ukabadili mawazo, ukaenda kipajini. Macho yalifumba nusu, lakini kabla ya kufumba kabisa yaliiba mtazamo pembeni kuona kama kuna mtu. Halafu kichwa, halafu bega, taratibu, bila haraka. Na pembeni yake kulikuwa na Nanamma mwenyewe, kimo cha kiwiko, sinia la tambuu mkono mmoja, akimpokea mwanawe bila kumwaga hata jani.

"Ulimdakaje, Nanamma? Baba ni mzito."

"Mtu mzito humdaki kwa mikono, we mtoto. Mikono ni ya kupambia. Unampa nyonga, akae hapo, umpige vibao vya shavu, huku unatafuta pa kumtua. Babu yako naye alikuwa wa kuanguka anguka. Wanaume wa ukoo huu wana mioyo ya siagi."

Tatizo lilikuwa miguu. Migongo ya mashangazi ilikuwa imeziba kila kitu chini ya kiuno, na binti mfalme hawezi kuzimia nusu. Haimavati akajipa moyo na kwenda sebuleni, ambako baba yake alikuwa anasoma gazeti kwa namna ya kulikagua.

"Baba, ulipozimia kwenye harusi ya dada, goti lipi lilitangulia?"

Gazeti halikutikisika. "Sikuzimia. Niliteleza."

"Kwenye zulia?" Nanamma aliuliza kutoka chumbani.

"Mama, nakuomba."

Mama yake Haimavati angekuwepo angeinusuru hali, lakini alikuwa Vijayawada kwa huyo huyo dada, kumsaidia kulea mtoto mchanga. Kwa hiyo Haimavati alieleza yote peke yake: kifandugu cha Bhaskar, Ijumaa, kichwa cha binti mfalme alichokitamani tangu aajiriwe. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Mkuu wa stesheni hawezi kuwa binti mfalme. Watu watasemaje?

Haimavati hakubishana. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Alimwekea baba yake rekodi ya Bhaskar kwenye simu, akaiegemeza kwenye kikombe cha kahawa, akaondoka zake kwenda kuosha vyombo.

Halafu sauti ikasikika sebuleni.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye bosi wangu, baba."

"Huyu hazimii. Huyu anaanguka kama gunia la mchele linaloshushwa kwenye behewa." Somaraju alikuwa amesimama, gazeti limeanguka. "Kwanza mkono kaupeleka kipajini moja kwa moja. Mtu aliyepigwa na habari mbaya anashika kichwa? Anashika moyo. Kichwa kinafuata baadaye. Na goti, hebu mwone, kakunja yote mawili kwa pamoja. Ni la kulia, binti yangu. La kulia kwanza. La kushoto linabaki kidogo, linataka kukataa."

"Sijaelewa vizuri," alisema Haimavati, muongo mkubwa.

"Funga mlango. Funga na madirisha." Akakaza msuli wake kiunoni. "Na hii asiione mtu yeyote. Niapie."

Haimavati aliapa, akawasha kamera ya simu. Nanamma alichukua nafasi yake ya mwana wa mfalme bila kuulizwa, na Somaraju alizimia. Alizimia vizuri. Aliporudi kusimama alisema hiyo haikuwa nzuri, bega lilikuwa gumu, akaomba arudie. Akarudia. Akaomba apewe mtandio, maana bila kitu begani hajui mkono upite wapi. Walipomaliza, Nanamma alikuwa hoi kwa kucheka na nyonga inamuuma, na mkuu wa stesheni alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati kwa upande, kwa namna ambayo binti yake hakuwahi kumwona akijitazama.

Haimavati alichora siku zilizobaki bila kuinua kichwa. Kwa ajili ya ukaguzi akaweka ile rekodi yake mwenyewe ya chumba cha kioo, ya kuanguka kama ngazi. Aliomba tu kwamba watu watakuwa na shughuli ya kutazama katuni.

Ijumaa alasiri Vasundhara-garu aliwasili na sari ya hariri na kifuko cha karanga. Studio nzima ilijua kwamba mama yule hutafuna muda wote wa ukaguzi, na kwamba akiacha kutafuna, kazi imepita. Taa zikazimwa. Kwenye skrini binti mfalme alipokea habari ya baba yake. Mkono ukaenda moyoni, ukasita, ukapanda kipajini. Jicho likaiba mtazamo pembeni. Goti la kulia likatoka, la kushoto likakataa, likakubali. Na mwana wa mfalme hakunyoosha mikono kama wana wa wafalme wote waliomtangulia. Alisogeza nyonga, akampokea, akampiga vibao viwili vya shavu, kisha akaangaza macho ukumbini akitafuta pa kumtua mzigo wake.

Karanga zilinyamaza.

"Tena," alisema Vasundhara-garu.

Wakarudia. Mama yule akatoa leso, akaipigia chafya kidogo kwa heshima ya kuficha machozi.

"Hapa sasa," alisema. "Hapa kuna mwanamke. Nimechoka na wale wanaoanguka kama wameitwa chakula. Na huyu kijana, huyu ndiye mwanamume. Nionesheni rekodi."

Rekodi ikawashwa. Haimavati akaanguka kama ngazi. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Hivi viwili havifanani," alisema Vasundhara-garu polepole.

Bhaskar alisogea kwenye mpira wake. Alikuwa ametazama katuni ile kinywa wazi, na sasa njia ilikuwa imefunguka mbele yake, naye hakuwa mtu wa kuacha njia wazi.

"Vasundhara-garu, sitaki kumwaibisha mtoto wa watu," alisema kwa huzuni tamu. "Lakini kuzimia huko ni kwangu. Nilijirekodi kabla sijaumia. Inaelekea binti ameichukua rekodi yangu akaichorea kimyakimya. Ukitazama bega utanijua."

Lokesh, aliyejua vizuri kilichokuwa ndani ya rekodi hiyo, alikazia macho viatu vyake.

"Ni kweli, binti?" Vasundhara-garu aligeuka. "Maana mwizi simpi hata nywele. Ulichora ukitazama nini?"

Simu ilikuwa mkononi mwa Haimavati. Anguko la Bhaskar lilikuwamo, lakini hilo lisingeeleza yeye alichora akitazama nini. Kugusa mara moja tu, na baba yake angetokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, na mtandio begani. Binti mfalme angekuwa wake jioni ile ile. Baba yake alikuwa akipiga, jina linawaka kwenye kioo cha simu, maana saa ya kutoka ilikuwa imepita. Alichukia kiapo chake, alimchukia Bhaskar, na zaidi alijichukia yeye kwa kukosa uongo mzuri.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Basi," alisema Bhaskar kwa upole. "Tumrudishe kwenye nywele, yaishe. Mimi binti mfalme nitammalizia, hata kwa kuketi."

Mlango ulifunguliwa. Somaraju aliingia na kofia yake ya pikipiki mkononi. Mlinzi wa getini alikuwa mstaafu wa reli kama yeye, na milango ya dunia hii hufunguka kwa mambo hayo. Alikuwa amekuja na hotuba kuhusu kuchelewa. Hakuitoa. Kwenye skrini picha ilikuwa imesimama katikati ya anguko, goti la kulia nje, mkono kipajini, na mzee aliuona mkono wake. Kisha akamwona binti yake amesimama mbele ya watu kama mtu aliyekamatwa bila tiketi.

"Huyu ni nani?" aliuliza Vasundhara-garu.

"Baba yangu," alisema Haimavati. "Baba, twende tu."

"Nimesikia nikiwa mlangoni." Somaraju alimtazama Bhaskar kuanzia kipara hadi mpira. "Wewe ndiye unayesema huyo pale ni wewe?"

"Mzee, hii ni kazi ya kitaalamu," alisema Bhaskar. "Kumwigiza mwanamke akizimia kunataka—"

"Wewe huanguka kama gunia la mchele. Nimekuona kwa macho yangu." Sauti ilikuwa ile ya stesheni, na watu wawili wa idara ya mandhari walisimama bila kujua kwa nini. Halafu ikashuka. Masikio ya mzee yalikuwa mekundu. "Huyo ni mimi. Nilizimia nilipomtoa binti yangu mkubwa. Nikazimia tena Jumatatu kwa ajili ya huyu mdogo, akaniapia hatamwambia mtu."

Bhaskar ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha puani.

"Mzee wangu, kila baba atasema hivyo kumwokoa mwanawe."

Somaraju alimpa Lokesh kofia ya pikipiki. Aliutwaa mtandio wa waridi uliokuwa umetundikwa nyuma ya kiti cha Bhaskar, akauweka begani na kuunyoosha. Mkono wa kushoto ukaenda moyoni, ukabadili mawazo, ukapanda. Jicho likaiba mtazamo pembeni na kumkuta Haimavati. Goti la kulia likatoka.

Lokesh alikuwa na kofia mikononi. Vasundhara-garu aliharakisha kuziokoa karanga zake. Haimavati hakufikiri, alisogea hatua, akatoa nyonga, na uzito wote wa mkuu wa stesheni ukakaa hapo na kutulia. Mkono wake ukampiga vibao viwili vya shavu wenyewe, na macho yake yakaanza kutafuta pa kumtua. Juu ya vichwa vyao, kwenye skrini, mwana wa mfalme alikuwa ametoa nyonga vivyo hivyo.

Vasundhara-garu alitafuna karanga moja, akawatazama wale wawili wa ukutani, akawatazama wale wawili waliokuwa mbele yake.

"Binti mfalme apewe huyo anayemshika," alisema. "Na mwana wa mfalme pia apewe yeye, maana naona wote wametoka nyumba moja. Bhaskar, wewe utafanya nywele mpaka upone."

Watu walianza kupiga makofi, mmoja mmoja, halafu wote. Haimavati aliinama kumtua baba yake, machozi yamemjaa na kicheko kimemjaa, hajui kipi kitoke kwanza. Mzee hakusogea. Alifumbua jicho moja.

"Wanatazama?" alinong'ona.

"Wote, baba."

"Basi usinitue haraka."